Maarifa ya Nyumbani: Kuosha Gari kwa Maji Kidogo na Kuihifadhi Rangi Yake



Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kuosha gari nyumbani na kuihifadhi rangi yake. Labda mtu atauliza: Je, kuosha gari nako kwahitaji kufundishwa? Si maji, sabuni na kitambaa tu? Jawabu ni kwamba kwahitaji. Magari mengi tuyaonayo yamepauka na kujaa mikwaruzo, na huku mashine zake bado ni nzima, hayakuharibiwa na jua na mvua peke yake. Aghalabu yameharibiwa na mikono iliyoyaosha, na wenye mikono hiyo walikuwa na nia njema kabisa.

Wala jambo hili si dogo ukilipima kwa mali. Katika vijiji vyetu gari si pambo. Ni Noah inayobeba abiria kwenda mnadani, ni pikapu ya kuchukulia mazao, ni bajaji au pikipiki inayowalisha watoto na kuwalipia mahitaji ya shule. Aliyekinunua chombo hicho ameuza ng'ombe, au amejinyima misimu kadhaa ya pamba. Madrasa yetu hapa Lingeka ina gari moja kuukuu lililonunuliwa kwa michango ya wazazi, na kila aliyetoa shilingi yake ana haki ya kutazama linavyotunzwa. Rangi ikiondoka, bati huliwa na kutu, na gari lililoliwa na kutu halina bei hata mashine yake ikiwa njema. Kupaka rangi upya ni gharama kubwa, na rangi ya fundi wa mtaani ni nadra kudumu kama ile ya kiwandani, ambayo huokwa katika tanuri mpaka ikashikamana.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko hilo la mali. Ni maji. Kwetu katika miezi ya kiangazi dumu moja la lita 20 halishuki kutoka mbinguni. Limebebwa na baiskeli, au limekuja juu ya kichwa cha mama au cha binti aliyeamka kabla ya alfajiri. Hatuwezi basi kumfundisha mtu kuosha gari tusimfundishe kuyahurumia maji. Na kwa bahati njema njia ya kuhifadhi maji na njia ya kuhifadhi rangi ni njia moja. Anayeosha kwa pupa hupoteza vyote viwili, na anayeosha kwa utulivu huviokoa vyote viwili.

RANGI YA GARI NI KITU GANI

Yafaa kwanza tujue tunalinda nini. Juu ya bati la gari hupakwa dawa ya kuzuia kutu, juu yake rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tuionayo, na juu ya yote tabaka la vanishi iliyo wazi kama kioo. Vanishi hiyo ya juu ndiyo inayong'aa, nayo ndiyo inayopigwa na jua kwa niaba ya rangi iliyo chini yake. Matabaka yote hayo kwa pamoja, katika magari mengi, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Chukua karatasi moja ya daftari, au mbili, uzishike kwa vidole: huo ndio unene wa ngao ya gari lako. Vanishi peke yake haifiki nusu ya hapo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya kwanza ya motokaa, rangi na vanishi zilipakwa kwa brashi na kungojewa zikauke kwa wiki nyingi. Magari ya Oakland ya mwaka 1924, yaliyotengenezwa na kampuni ya General Motors ya Marekani, ndiyo yaliyofungua mlango wa rangi mpya za kukauka upesi, kwa rangi iliyoitwa Duco. Vanishi ya wazi juu ya rangi ilienea katika magari ya kawaida tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo ukiwa na gari la zamani sana, jaribu kulisugua kidogo mahali pa siri kwa kitambaa cheupe chenye nta. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, jua kuwa halina vanishi, na kila usuguapo waondoa rangi yenyewe. Gari la namna hiyo lahitaji upole maradufu.

VUMBI LETU NI MSASA

Lami imefika Bariadi, kutoka Lamadi na kutoka Maswa. Lakini aiachaye barabara kuu na kuingia vijijini hukutana na changarawe, na mchanga, na udongo mweusi wa mbuga. Udongo wa mbuga wakati wa mvua hunata kama ulimbo, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali. Mchanga nao una punje zilizo ngumu kuliko kioo. Punje hizo zikiwa juu ya gari na mtu akapitisha kitambaa kikavu, kitambaa hicho si kitambaa tena. Ni msasa. Hufuti vumbi, bali wasugua rangi kwa mchanga.

Hapa ndipo pana kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa kila asubuhi mbele ya nyumba nyingi. Dereva huchukua tambara au ufagio laini, akapangusa gari kavu ili lipendeze machoni mwa abiria. Hupendeza kwa muda wa saa moja. Ukilitazama baada ya mwaka, jua likilipiga kwa ubavu, utaona mikwaruzo midogo midogo imezunguka kama utando wa buibui. Huo si uzee wa gari. Ni hesabu ya matambara.

Watoto nao wana sehemu yao. Sisi walimu wa madrasa twajua jinsi mtoto anavyopenda kuandika alichojifunza. Akiliona gari lenye vumbi huliona ubao. Ataandika alifu na bee, ataandika jina lake, na pengine jina la mwalimu pamoja na picha yake. Gari likioshwa maandishi hubaki, maana kidole kimeisukuma mchanga katika vanishi. Mfundishe mtoto kwa maneno mazuri kuwa gari si ubao. Na mpe ubao wa kweli, ili asikose mahali pa kuandika.

Basi kanuni ya kwanza ni hii, nayo ndiyo msingi wa yote yafuatayo: uchafu wa gari haufutwi, hulowekwa mpaka uondoke wenyewe. Kama hakuna maji ya kuloweka, ni heri kuliacha gari na vumbi lake mpaka maji yapatikane. Safisha vioo, taa na namba tu, kwa usalama wa njiani.

MAJI KIASI GANI

Wanaosoma fiqhi wanajua yaliyopokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Pishi ni vibaba vinne, nayo kwa vipimo vya leo yakaribia lita 3. Sasa tazama mpira wa maji wa kawaida: hutoa lita 10 mpaka 20 kwa dakika moja. Mtu akiufungua kwa dakika 20 huku akisugua na kuzungumza na jirani, tukikadiria lita 15 kwa dakika, zimekwisha lita 300. Hayo ni madumu 15. Ni maji ya kuogea watu 100 kwa kipimo cha pishi, nayo yamemwagika ardhini kwa ajili ya gari moja.

Gari dogo laweza kuoshwa vizuri kwa lita 50, yaani madumu mawili na nusu. Hesabu yake ni hii: lita 15 za kuloweka, lita 10 za ndoo ya sabuni, lita 10 za ndoo ya kusuuzia kitambaa, na lita 15 za kumalizia. Anayetaka kupunguza zaidi aanze kwa kukinga maji ya mvua kutoka katika bati la nyumba. Maji ya mvua ni laini, na yakikauka hayaachi madoa meupe kama yaachavyo maji ya visima vyenye chumvichumvi.

Katika kuloweka kipo chombo kimoja ambacho wakulima wa pamba wanakijua vizuri kuliko watu wa mijini: bomba la kupulizia la kubeba mgongoni. Bomba hilo hutoa maji kama manyunyu, hufika kila mahali, na lita 15 zake hufanya kazi kubwa kuliko kumwaga kwa ndoo. Lakini sikilizeni vizuri, enyi wazazi. Bomba lililokwisha kutiwa dawa ya wadudu lisitumiwe kabisa kwa kazi hii, hata likioshwa mara saba. Sumu hubaki katika mpira na katika tangi, na wanaoosha gari mara nyingi ni watoto, nao hufanya kazi hiyo wakicheka midomo wazi. Nunua bomba jingine jipya, liandike kwa rangi neno MAJI, ulitundike mbali na lile la shamba. Asiye na bomba atoboe matundu madogo katika kifuniko cha dumu safi au chupa kubwa, amwagie taratibu kutoka juu.

NAMNA YA KUOSHA

Wakati mzuri ni asubuhi mapema au baada ya swala ya Alasiri, gari likiwa kivulini na bati lake limepoa. Weka mgongo wa kiganja juu ya boneti. Ikiwa huwezi kuuacha hapo kwa utulivu, ngoja. Bati la moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza, na sabuni iliyokauka huacha madoa. Kisha fuata utaratibu huu.

Kwanza, nyunyizia maji gari zima kuanzia juu kwenda chini, uliache kwa dakika chache. Palipoganda tope rudia tena mpaka tope liwe laini na kuteremka. Usilibandue kwa kucha, wala kwa kisu, wala kwa kijiti. Tope la mbuga lina subira nyingi, nawe uwe na subira kuliko lenyewe.

Pili, tayarisha ndoo mbili. Moja iwe na maji ya sabuni, na ya pili iwe na maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Ndoo mbili ndiyo siri ya kazi yote. Mwenye ndoo moja huutoa mchanga kwenye gari, huutia katika ndoo, kisha huurudisha juu ya gari pamoja na povu. Mwenye ndoo mbili huosha sehemu moja, husuuza kitambaa katika ndoo ya maji matupu, hukikamua, ndipo achovye tena katika sabuni. Asikizamishe kitambaa mpaka chini, maana mchanga hutua chini. Mwisho wa kazi mwaga ndoo ya pili taratibu, utazame kilichobaki: mchanga huo wote ungalikuwa umesuguliwa juu ya rangi yako.

Tatu, chagua kitambaa. Taulo la nyuzi laini linalouzwa kwa kazi hii ni zuri, lakini si lazima. Mkoa wa Simiyu ni miongoni mwa mikoa iongozayo kwa kilimo cha pamba, na pamba iliyozeeka ni rafiki wa rangi. Fulana kuukuu au kanga iliyofuliwa mpaka ikalegea yafaa sana. Kata vifungo, zipu na pindo nene. Usitumie gunia, wala sifongo gumu la masufuria, wala kitambaa cha nailoni. Na kitambaa kikianguka chini, kiweke kando mpaka kifuliwe; usikikung'ute na kuendelea, kwa sababu punje moja iliyojificha yatosha kuchora mlango mzima.

Nne, osha kuanzia paa, kisha vioo, boneti na buti, kisha milango, na mwisho sehemu za chini. Chini ndiko kwenye mchanga mwingi, na anayeanzia chini hupandisha mchanga juu. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka, bila ya kukandamiza na bila ya kuzungusha. Magurudumu na madigadi yawe na kitambaa chao na maji yao, visichanganywe na vya bodi kamwe.

Tano, suuza sehemu moja baada ya nyingine kabla sabuni haijakauka, kisha likaushe gari kwa taulo safi. Lilaze taulo juu ya bati na kulivuta taratibu, usisugue. Usiliache jua likukaushie, maana maji huondoka na chumvi yake hubaki.

Mwenye pikipiki na afuate njia hiyo hiyo, ila angoje mashine ipoe, azibe mdomo wa bomba la moshi, na asielekeze maji penye tundu la ufunguo, penye nyaya, wala penye kisafisha hewa. Na anayepeleka chombo chake kwa wenye mashine za presha awaombe waisogeze mbali kidogo na bati, khasa mahali palipobanduka rangi. Presha kali huingia chini ya rangi iliyoinuka na kuibandua zaidi.

SABUNI IPI

Sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ndiyo bora, nayo hutiwa kidogo tu katika ndoo. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Kazi yake ni kung'oa mafuta katika nguo, na juu ya gari hung'oa nta, hukausha mipira ya milango, na isiposuuzwa vyema huacha weupe. Sabuni ya maji ya vyombo nayo huondoa nta. Ikiwa huna nyingine, tia kijiko kimoja cha hiyo ya vyombo katika ndoo nzima, usuuze vizuri, na ujue kuwa nta imepungua, hivyo utahitaji kuipaka tena.

Wako wanaopangusa gari kwa mafuta ya taa au dizeli ili ling'ae. Hung'aa, lakini kwa saa chache, kisha mafuta yale huita vumbi lote la njiani likanata. Mafuta ya taa yana mahali pake: tone dogo juu ya kitambaa huondoa doa la lami, na mara moja mahali hapo paoshwe kwa sabuni. Zaidi ya hapo yabaki katika taa. Mafuta ya nazi na ya kupikia nayo yabaki jikoni.

MAHALI PA KUOSHEA

Usiliingize gari mtoni, wala usilioshe kando ya lambo au kisima. Maji yanayotoka chini ya gari yamebeba grisi, oili na vumbi la breki, na wenzako wananywa hapo, na ng'ombe pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mito, maziwa na mabwawa ndani ya mita 60. Hata isingalikuwapo sheria, haki ya jirani ingalitosha. Osha juu ya majani au changarawe, mbali na bustani ya mboga, ili ardhi iyachuje maji hayo.

NTA, YAANI KINGA YA JUA

Simiyu iko karibu nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, na jua lake latujia kwa wima. Mionzi yake huivunja vanishi kidogo kidogo mpaka ikapauka, kisha ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Kinga ya kwanza ni kivuli. Banda la miti minne na nyasi juu lashinda turubai, kwa maana turubai likipigwa na upepo husugua vumbi juu ya rangi usiku kucha. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa watu, lakini juu ya gari hudondosha utomvu, maua na kinyesi cha ndege. Jihadhari pia na mbuzi, ambaye huona boneti ni jabali la kupumzikia.

Kinga ya pili ni nta. Nta bora ya asili hutoka katika mti uitwao carnauba, jamaa ya mnazi na mvumo, uotao kaskazini-mashariki ya Brazil. Nchi hiyo ni kavu na jua lake ni kali, na Mwenyezi Mungu ameyajaalia majani ya mti huo kujipaka nta ili yasinyonywe maji yake. Watu huyakausha majani, wakaitoa nta, nayo husafiri mpaka madukani kwetu ndani ya vikopo. Huyeyuka kwa joto lipitalo nyuzi 80. Nta ya nyuki huyeyuka kwa nyuzi 62 mpaka 64 tu, na boneti nyeusi iliyoshinda juani yaweza kufika hapo. Ndiyo sababu nta ya nyuki peke yake hulainika, ikanata vumbi.

Nta hupakwa juu ya gari lililooshwa na kukauka, kivulini. Paka nyembamba sana, sehemu moja baada ya nyingine. Ngoja igeuke ukungu, kisha ipanguse kwa kitambaa kingine safi. Anayepaka nyingi hupata taabu ya kuipangusa, wala haipati kinga zaidi. Usipake juu ya plastiki nyeusi, maana huacha weupe mgumu kutoka. Ukitaka kujua kama kazi imeshika, mwagia maji kidogo: yakikusanyika matone ya duara na kuteleza kama juu ya jani la gimbi, nta ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha, nawe paka tena. Kwa jua na vumbi letu, mara moja kila miezi miwili ni kiasi kizuri.

Msichanganye nta na dawa ya kusugulia mikwaruzo. Nta hufunika, dawa ile hukwangua. Huufanya mkwaruzo usionekane kwa kuishusha vanishi yote iliyouzunguka, na ile karatasi moja ya daftari huzidi kuwa nyembamba. Itumike mara chache, kwa haja, wala isiwe desturi ya kila Idi.

MAMBO YASIYONGOJA

Vumbi laweza kungoja, lakini yako mambo yasiyongoja. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juani hula vanishi kwa muda wa saa chache. Wadudu wadogo wa ziwa, wanaotanda kama moshi, humpata kila aendaye Mwanza kwa njia ya Lamadi na Magu. Hukauka mbele ya gari na kuila rangi. Utomvu wa miti nao ni hivyo hivyo. Dawa ya vyote ni moja: lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika chache, kisha uinue bila ya kusugua. Chupa moja ya maji na kitambaa safi ndani ya gari yatosha. Na wasomaji wetu wa pwani, kutoka Tanga na Dar es Salaam mpaka Unguja na Mombasa, wajue kuwa chumvi ya upepo wa bahari ni adui wa bati. Walisuuze gari kwa maji baridi mara kwa mara, khasa sehemu za chini.

KUTU HUANZIA PASIPOONEKANA

Chini ya kila mlango wa gari pana vitundu vidogo vya kutolea maji. Tope huviziba, maji ya mvua hubaki ndani ya mlango, na bati huoza kutoka ndani huku nje kukiwa kunang'aa. Kila mwezi vizibue kwa kijiti laini. Ondoa pia tope lililojikusanya ndani ya madigadi baada ya masika, kwa maana tope hilo hushika unyevu siku nyingi.

Kokoto ikirusha kipande cha rangi, usiseme ni doa dogo. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwangua kutu kwa kipande kidogo cha msasa, pangusa mpaka pakauke, tia dawa ya kuzuia kutu, kisha tone la rangi inayolingana. Usipopata rangi kwa haraka, rangi ya kucha isiyo na rangi itaziba kwa muda. Kazi ya nusu saa leo yaokoa mlango mzima kesho.

NENO KWA VIJANA

Vijana wangu, wengi wenu mwaosha magari ya watu kwa ujira, nayo ni kazi ya halali na ya heshima. Lakini jueni kuwa mkwaruzo mnaoutia kwa tambara chafu hautaonekana leo. Mwenye gari atakulipeni na kushukuru, kisha ataugundua baada ya mwezi, wala hatajua ni nani. Hapo ndipo uaminifu unapopimwa, katika kazi ambayo kasoro yake haikufuati nyumbani. Kijana mwenye ndoo mbili, vitambaa vilivyofuliwa na bomba la maji safi hutumia maji machache, hamharibii mtu mali yake, na wateja humjia kwa kuambiana.

Nanyi wazazi, msiwakataze watoto kuosha gari. Waonyesheni namna. Mtoto aliyefundishwa kuhesabu madumu kabla ya kuosha atajua taabu ya dada yake aliyeyateka.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya kutunza matairi na betri. Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika mali zetu na katika maji yetu.

Wassalaam alaykum.

Mwalimu wa Madrasa,
Lingeka, Simiyu.